Kifundo cha kudarizi kinazama nyuma ya kitambaa. Nakosea wapi?

1. BintiLangoni

Asalaam aleikum wadau.

Nina foronya 2 za marehemu bibi yangu, zimetoka kwenye kasha lake hapa Langoni, Lamu. Bafta nyeupe, uzi mweupe. Kuna shina, kuna majani, na kwenye ncha za matawi kuna vichala vya vifundo vidogo vilivyosimama kama punje za mtama. Hata ukifumba macho, kidole kinavihesabu. Mdogo wangu anaolewa mfungo saba, Maulidi yakishapita, nami nataka kitanda chake kitandikwe foronya mpya zenye darizi ile ile. Za bibi sitaki ziguswe, kitambaa kimeshachoka.

Shina na majani nimeyaweza. Vifundo vimenishinda. Nazungusha uzi kwenye sindano mara 2, nachomeka, navuta, na kifundo chote kinapita upande wa pili. Kikikubali kubaki juu, kinakaa kama kitanzi kilicholegea. Jana nilifanya 20, vikasimama 3. Kitambaa changu ni poplini, uzi natumia nyuzi zote 6, sindano ni hii ya kushonea vifungo vya shati. Nakosea wapi?

2. SindanoKumi

Waaleikum salaam. Unarudi kwenye tundu lile lile, basi. Sindano ikitoka hapa, irudi kando, ivuke uzi mmoja au miwili ya kitambaa. Kifundo kinataka kidaraja cha kukalia. Ukikirudisha tundu lile lile, kitakaa juu ya nini?

3. MalindiBarani

Hatimaye uzi unaohusu uzi. Nakaa mkekani nisome.

4. MwalimuMstaafu

Naongezea kwa SindanoKumi, maana tundu peke yake si dawa yote. Nilifundisha sayansi kimu tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza Kenya 1985, na kifundo hiki ndicho kilichowaliza wasichana kuliko mshono wa blanketi na wa mnyororo kwa pamoja.

Fanya hivi. Kaza kitambaa kwenye fremu ya duara mpaka kilie kama dufu ukikigonga. Toa sindano upande wa juu, vuta uzi wote utoke. Sasa mkono wa kushoto ushike uzi, kama sentimita 3 kutoka kitambaani, na usiuachie mpaka mwisho. Mkono huo ndio unaofunga kifundo. Wa kulia unabeba sindano tu. Zungusha uzi kwenye sindano mara 1 au 2. Geuza ncha, ichomeke kando ya pale ilipotokea. Kabla hujaisukuma, vuta uzi kwa kushoto mizunguko iteremke, ilale kitambaani, iikumbatie sindano bila kuikaba. Ndipo usukume sindano ipite huku uzi ungali umeubana, na uuachie pale tu kitanzi kinapobaki kidogo kabisa.

Wanafunzi wengi waliachia uzi mara sindano ilipoanza kuzama. Mizunguko inafumuka pale pale, na ukija kuvuta unavuta kamba isiyo na fundo.

5. MalindiBarani

Mwalimu, shikamoo. Kushoto nimeshika uzi, kulia nimeshika sindano. Fremu naishika na nini?

6. MwalimuMstaafu

Marahaba. Iegemeze ukingoni mwa meza, upande wa pili ulaze kitu kizito juu yake. Mimi natumia kinu kidogo cha kutwangia iliki.

7. FundiBaraza

Mnamlaumu bure dada wa watu. Kosa ni sindano.

Mimi nashona kofia hapa Mkomani mwaka wa 22 sasa. Amesema mwenyewe anatumia sindano ya vifungo. Sindano nyingi za nyumbani zina tundu nene kuliko mwili. Unazungushia uzi pale kwenye mwili mwembamba, mizunguko inakaa sawa, halafu tundu linafika na linataka kupita ndani ya mizunguko ile ile. Linakwama. Mtu anavuta kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayoburura kifundo mpaka nyuma. Atafute sindano ndefu za washonaji wa kofia za Kizungu. Zile mwili wake ni unene mmoja kutoka tundu mpaka karibu na ncha. Na aangalie namba: inavyopanda, sindano inazidi kuwa nyembamba. Kuna aliyenunua namba 10 akidhani ndiyo nene, akarudi dukani kugombana.

8. UziMwekundu

FundiBaraza nakuheshimu, lakini hata sindano hiyo haitamsaidia akiendelea na nyuzi 6 kwenye poplini. Poplini imefumwa kwa kubana. Uzi mnene unapita kwa shida, kwa hiyo lazima avute, na akivuta tunarudi kule kule.

Ule uzi wa shada, uwe wa kampuni ya DMC au mwingine, umeundwa na nyuzi 6 ili uweze kuzigawa. Shada la DMC lina mita 8. Kata kipande, chomoa uzi mmoja mmoja, kisha uunganishe 2 au 3. Ukitaka kifundo kikubwa ongeza nyuzi, usiongeze mizunguko. Mizunguko 4 haikupi kifundo kikubwa, inakupa kifundo kinachoangukia ubavu.

9. SindanoKumi

Hapo kwenye mizunguko nakubaliana na UziMwekundu. Kwenye nyuzi, hapana. Mimi nimeshona nyuzi 6 kwenye poplini mara nyingi tu. Tundu. Tundu. Tundu.

10. BintiLangoni

Nimerudi. Nimemfuata Mwalimu hatua kwa hatua na nimehama tundu kama alivyosema SindanoKumi, sindano ile ile, nyuzi 3. Kati ya 20 vimesimama 11. Kwa hiyo kuna kitu kimepona, ila sijui ni kipi kati ya vyote, maana nimebadilisha vitatu kwa mpigo. Shukran sana.

Sasa nimetazama vya bibi kwa kioo cha kukuza. Kila kifundo kina kibonyeo katikati, kama kitovu. Vyangu havina, vimekuwa na kichwa cha mviringo kilichoinama upande mmoja. Na nikiigeuza foronya ya bibi, nyuma ni safi. Hakuna uzi uliotambaa kutoka kifundo hadi kifundo. Yangu nyuma ni kama ramani ya vichochoro vya Langoni.

11. SindanoKumi

Kibonyeo! Basi hicho si kile tunachokiita frenchi noti, yaani kifundo cha Kifaransa. Hicho ni kile cha nane, wengine wanakiita cha kikoloni. Badala ya kuzungusha uzi upande mmoja, unaupitisha juu ya sindano, kisha unaurudisha chini upande wa pili, mpaka uzi umeandika 8 kwenye sindano. Hakiinami na hakifumuki ovyo. Kule Marekani kimetumika sana kwenye darizi ya uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, ile iliyopata jina kutokana na uzi wa tambi za mishumaa. Nyeupe juu ya nyeupe, kama ya bibi yako.

12. MwalimuMstaafu

Tusikimbilie. Frenchi noti ya mzunguko mmoja, ikifungwa vizuri, nayo ina kibonyeo. Bibi huenda alizungusha mara 1 kwa uzi mnene, wewe unazungusha 2 kwa uzi mwembamba. Nyeupe juu ya nyeupe nayo si ya Marekani peke yao. Ireland, mji wa Mountmellick, wamefanya darizi ya namna hiyo tangu miaka ya 1820, imejaa vifundo, uzi wa pamba juu ya pamba. Huwezi kumjua mshonaji kwa rangi.

Ila nyuma kuwa safi hivyo, hapo bibi alikuwa fundi. Alikata uzi na kuuficha kila alipomaliza kichala, au pengine kila kifundo. Kazi hiyo ni ya mtu asiye na haraka hata kidogo.

13. MamaShela

Jamani hii mada imenigusa. Mimi nilifanya kazi kwa bibi mmoja Mwitaliano, alikuwa akidarizi barazani kila alasiri baada ya kuoga bahari. Yeye hakusema frenchi wala koloniali. Kidogo alikiita punto nodini, na kile kirefu kinachofanana na kiwavi, unachozungushia uzi mara 7 au 8 kisha ukakilaza, alikiita punto vapore. Kulikuwa na kingine cha kupanga mstari, fundo baada ya fundo kama shanga, akikiita punto Palestrina. Aliniambia Palestrina ni mji karibu na Roma.

Alinifundisha kwa ishara, maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na Kiitaliano changu cha jikoni. Alinishika kidole gumba cha kushoto akakibana juu ya uzi, akahesabu uno, due, akavuta. Mpaka leo nikidarizi nahesabu hivyo hivyo kimoyomoyo.

Binti, kama vifundo vya bibi vimepangwa mstari, tazama kama vimeunganishwa kwa juu. Vikiwa vimeunganishwa, hiyo ni Palestrina.

14. FundiBaraza

MamaShela, Waitaliano Shela wameanza lini kudarizi barazani?

15. MamaShela

Shela ya Malindi, ami. Nyinyi wa Lamu mnadhani Shela ni moja tu duniani.

16. FundiBaraza

Hahaha, haya, nimenyoosha mikono. Yenu ina Waitaliano, yetu ina michanga.

17. BintiLangoni

MamaShela, havijaunganishwa. Kila kimoja kiko peke yake, vitano vitano kama kichala cha zabibu. Hicho cha kiwavi nakitaka pia, kitafaa kwa maua ya pembeni, lakini kwanza nimalize ugomvi huu.

18. JichoLaPwani

Nimesoma yote, naona mnazungumza Ufaransa, Marekani, Italia. Kifundo hiki ni cha Wachina. Nao wanakiita dazi, maana yake ni kama kutia mbegu, na Binti mwenyewe amesema vinafanana na punje za mtama. Wachina walikuja pwani hii zamani, wakachukua na twiga mwaka 1414. Kama waliacha vyungu na sahani, wanashindwa vipi kuacha mshono?

19. MwalimuMstaafu

Marekebisho madogo. Twiga wa 1414 alifika China kutoka Bengal. Aliyepelekwa na ujumbe wa Malindi alifika 1415. Kuhusu dazi uko sawa, mavazi ya enzi ya Qing (1644–1912) yamejaa mshono huo. Lakini sahani ya kaure inasafiri na baharia. Mshono husafiri na mikono iliyokaa pamoja, mmoja akionyesha, mwingine akitazama. Mabaharia wale hawakukaa na bibi zetu kudarizi foronya.

20. JichoLaPwani

Asante kwa mwaka. Lakini nguo iliyodariziwa ikifika, fundi mzuri anaweza kuifumua akajua ilivyoshonwa. Binti si anafanya hivyo hivyo na kioo chake?

21. UziMwekundu

Hoja nzuri hiyo.

Na kuna hadithi kwamba mshono huo ulipigwa marufuku China kwa sababu ulikuwa ukiwapofusha washonaji, ndiyo maana Wazungu wengine wanauita mshono uliokatazwa.

22. MwalimuMstaafu

Ni hadithi ya wauza nguo za kale. Mshono uliopigwa marufuku usingejaa kwenye mavazi kiasi kile. Ila macho kuchoka ni kweli.

23. MtotoWaFaza

Mimi naona ni Wareno. Vasco da Gama alifika Lamu 1498, na Wareno wanapenda darizi.

24. MalindiBarani

Hapana, hapana, hapana. Malindi! Aprili 1498, Malindi. Mnara wetu upo, njoo uuone. Lamu mna mengi, hili tuachieni.

25. MtotoWaFaza

Samahani wa Malindi. Mnara ni wenu. Kifundo je?

26. MalindiBarani

Kifundo sijui, mimi bado natafuta kinu cha iliki.

27. FundiBaraza

Nataka niseme kitu kabla watu hawajaanza kusema kifundo kimetoka kwenye kofia zetu, maana naona mnaelekea huko. Kofia ya kazi ya huku ina viua. Kiua ni tundu: unatoboa kitambaa, unalizungushia uzi mpaka ukingo unakaza, na hewa inapita kichwani. Kifundo ni nundu. Kimoja kinatoboa, kingine kinainua. Anayeshona viua miaka 22 hawi fundi wa vifundo kwa sababu hiyo tu, na mimi nilipojaribu mara ya kwanza vilinizamia kama vilivyomzamia Binti.

Ila kuna kitu kimoja kimevuka kutoka kofia hadi hapa: urefu wa uzi. Usikate uzi mrefu kuliko kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko. Uzi mrefu unapita kitambaani mara nyingi, unachakaa, unaota manyoya, na manyoya yakiingia kwenye mizunguko, kifundo hakiteremki.

28. MkongweWaSiyu

Mwanangu BintiLangoni, nisikiza na mimi. Mato yangu hayaoni tena tundu la sindano, mjukuu ndiye aniandikiaye haya. Lakini mikono ingali yakumbuka.

Mmesema tundu, mmesema sindano, mmesema uzi. Hakuna moya aliyeuliza washona saa ngapi. Mchana wa kaskazi mkono watoka jasho, uzi wanyonya jasho, wafura, washikana na sindano. Sisi tulikishona asubuhi baada ya sala, au magharibi barazani pakiwa na pepo. Mkono ukiwa mkavu uzi wateremka wenyewe. Na sindano, ipitishe kwenye nyee za kitwa mara mbili tatu, ipate mafuta kidogo. Hewa ya bahari yaila sindano, yaifanya kutu usiyoiona kwa mato, uzi tu ndio waisikia.

Vifundo vya nyuma safi tulikifanya hivyo kwa sababu mama mkwe alikigeuza foronya kwanza, kisha ndipo akitazama mbele.

29. BintiLangoni

Shikamoo bibi. Nimelisoma hili mara tatu, na la mama mkwe nimelisomea mama yangu kwa sauti. Amecheka, halafu akanyamaza. Anasema bibi naye alikuwa akipitisha sindano kwenye nywele, yeye akidhani anajikuna.

Kweli nimekuwa nashona saa nane mchana, watoto wakiwa chuoni. Kesho najaribu alfajiri.

30. MalindiBarani

Wa Malindi tunaomba tafsiri ya "tulikishona" na "nyee". Je, mlikuwa mnashona kitu gani?

31. MtotoWaFaza

Ni "tulikuwa tukishona". Na nyee ni nywele. Kiamu hiki, jifunze, hakiumi.

32. UziMwekundu

Jasho naliheshimu, lakini dawa yake ni nta ya nyuki. Pitisha uzi kwenye kipande cha nta mara moja, unakuwa laini, hauoti manyoya, haunyonyi maji.

33. SindanoKumi

Nta kwenye darizi nyeupe? Itaokota vumbi, na kwenye vifundo nta inaufanya uzi kuwa mgumu, mizunguko haikai pamoja. Nta ni ya kushonea vifungo na ngozi.

34. UziMwekundu

Kidogo tu, nimesema mara moja. Halafu unaupitisha kati ya vidole upate joto.

35. SindanoKumi

Hata kidogo.

36. KushotoDaima

Salaam. Mimi ni mkono wa kushoto na nimesoma uzi wote nikisubiri mtu aniulize. Miaka miwili nilifuata maelekezo ya watu wa kulia na kila kifundo changu kilikuwa kinafumuka. Kumbe nilikuwa nashika sindano kwa kushoto lakini nazungusha uzi upande ule ule wanaozungusha wao. Nilipogeuza kila kitu, kama unavyojiona kwenye kioo, vikaanza kukaa.

Sababu niliyoambiwa na fundi mmoja ni hii: uzi wenyewe umesokotwa, una upande wake. Ukizungusha upande mmoja unazidi kuusokota, ukizungusha mwingine unausokotoa na nyuzi zinaachana. BintiLangoni, wewe ni wa mkono gani? Na jaribu kuzungusha upande wa pili, utazame uzi unavyojibu.

37. BintiLangoni

Wa kulia. Lakini bibi alikuwa wa kushoto! Alikuwa akikatazwa kula kwa mkono wa kushoto tangu utotoni, akala kwa kulia, ila kushona aliachwa ashone anavyotaka. Sasa sijui kama navitazama vifundo vyake kwa kinyume.

38. MwalimuMstaafu

Sasa hili ni jambo. Kama alishona kwa kushoto, mzunguko wake unalala kinyume na wako. Kwenye cha nane tofauti ni ndogo zaidi, kwa sababu uzi unakwenda pande zote mbili. Kwenye cha kawaida utaiona. Chukua kioo, tazama mzunguko wa juu unaelekea wapi unapozama katikati.

39. BintiLangoni

Nimetazama vifundo 10. Sita vinaelekea huku, vinne kule.

40. MwalimuMstaafu

Subhanallah.

41. JichoLaPwani

Basi walikuwa wawili! Bibi na mtu mwingine, wamekaa foronya moja, kila mtu upande wake.

42. SindanoKumi

Au ni cha nane, kama nilivyosema namba 11, na kwenye cha nane huwezi kujua unatazama mzunguko upi.

43. MkongweWaSiyu

Au aligeuza fremu. Nasi tulikigeuza fremu mkono ukichoka.

44. FundiBaraza

Hapa nimekosa la kusema. Ila Binti, ukimaliza za mdogo wako, kuna watu Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji wa Lamu, watakununulia jozi moja kwa bei ya kukufurahisha. Kazi ya mkono yenye nyuma safi haipatikani siku hizi, dukani ni mashine tupu.

45. MamaShela

Asiuze ya kwanza. Ya kwanza haiuzwi.

46. BintiLangoni

Habari za leo wadau. Nimeshona alfajiri siku 3. Sindano ya unene mmoja nimepata kwa dada anayetoka Mombasa, namba 5. Nyuzi 3, uzi wa kiwiko, sindano nywelani. Nimejaribu aina zote mbili kwenye kipande cha bafta, si poplini tena. Frenchi noti za mzunguko mmoja: 20, vimesimama 18. Za nane: 20, vimesimama 20, ila vimekaa vikubwa kuliko vya bibi. Kwa uzi 2 vimekaribia sana. Mama amevipitishia kidole akiwa amefumba macho, akasema "hivi", akagusa vya bibi, akasema "na hivi", halafu akashindwa kuamua.

Nyuma bado ni vichochoro. Nakata na kuficha kila kichala na inanichukua nusu saa kwa vifundo vitano.

47. MwalimuMstaafu

Maashallah. Kwa kuficha, usifunge fundo nyuma. Pitisha sindano chini ya mishono 3 au 4 ya jani iliyo jirani, rudi nyuma mshono mmoja, kata. Fundo la nyuma litatokeza mbele mtu akilalia.

48. SindanoKumi

Ishirini kwa ishirini za nane. Sisemi neno.

49. FundiBaraza

Na sindano ya unene mmoja. Mimi pia sisemi neno.

50. MkongweWaSiyu

Alfajiri, wanangu.

51. KushotoDaima

Binti, zile 2 zilizozama, ulizungusha upande gani?

52. BintiLangoni

Sikutazama. Nitafanya 20 nyingine kesho, nusu huku na nusu kule, nitaleta jibu.

Swali jingine kabla sijasahau. Zikishafuliwa nazipigaje pasi bila kuvibonyeza vifundo? Sitaki kuharibu usiku wa mwisho.

53. UziMwekundu

Tandika taulo nene, laza foronya kifudifudi, piga pasi upande wa nyuma. Vifundo vitazama kwenye taulo, havitalala.

54. MamaShela

Na kitambaa kiwe na unyevu kidogo, usisubiri kikauke. Yule bibi wangu hakutia wanga kabisa kwenye darizi ya vifundo.

55. MkongweWaSiyu

Sisi tulikitia wanga. Mwepesi, wa maji maji.

56. MamaShela

Hata kwenye vifundo, bibi?

57. MkongweWaSiyu

Hata kwenye vifundo, mwanangu. Kitanda cha harusi ni lazima kilie ukikiguza.